Mabuu wa Chaka si mabuu wa Mombasa

Nilipokuwa Chaka, kule Nyeri, niliona mzoga wa kondoo chini ya mti, mabuu wake wangali wadogo. Kwa hesabu zetu za pwani nikasema amekufa jana. Mchungaji akacheka: "Hapana, mzee, leo siku ya nne."

Nzi wa kijani na wa buluu ndio hutangulia, mara nyingi ndani ya saa chache, wakataga puani, machoni na penye jeraha. Kwa joto la Mombasa mayai huanguliwa kabla siku haijesha. Chaka iko juu, baina ya Mlima Kenya na Aberdare. Baridi huwachelewesha mabuu, na kivulini huchelewa zaidi kuliko juani. Ngozi ikishakauka, mabuu huondoka, wakaja mbawakawa wadogo, jamii ile ile inayotula ng'onda zetu ghalani.

Basi mchunguzi wa kifo cha mtu lazima ajue joto la mahali kabla ya kuhesabu siku kwa mabuu. Asipojua, mshukiwa ataulizwa alikuwa wapi siku ambayo siyo.