Mbona Mfumo Hauioni Diski?

Kwa miaka niliyofanya kazi ya opereta wa meinifremu jijini Nairobi, swali nililolisikia kuliko yote lilikuwa hili: diski tumenunua, fundi ameifunga, taa za kijani zinawaka, mbona mfumo hauioni? Huulizwa kwa hasira, maana pesa zimeshatoka na mwisho wa mwezi umekaribia. Jibu lake, ukilitafuta vizuri, linakurudisha nyuma karibu miaka 70. Na tangu nihamie Lodwar, naona linaeleza mambo ya hapa Turkana pia, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na kompyuta, na mengine yenye uhusiano mkubwa.

Tuanze na chuma chenyewe. Septemba 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50, kila moja ya kipenyo cha inchi 24, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Kabati zima lilikuwa na uzito wa takribani tani moja, na lilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu nzuri huenda isienee humo. Lakini usicheke. Kabla ya hapo, hesabu za benki na za mishahara zilikaa kwenye kadi zilizotobolewa au kwenye tepu, na ukitaka akaunti iliyo katikati ya tepu lazima uanze mwanzo na kuzungusha mpaka uifikie. Diski iliruhusu mashine kuruka moja kwa moja hadi pale inapotaka. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la anwani: kuruka wapi?

Jibu lilikuja rasmi tarehe 7 Aprili 1964, IBM ilipotangaza System/360, babu wa meinifremu zote za aina hiyo zinazofanya kazi hadi leo. Katika mfumo ule, kila kifaa kilipewa anwani fupi iliyotaja chaneli, kidhibiti na kifaa chenyewe. Ila diski za wakati huo zilikuwa na jambo moja la ajabu: zilitolewa. Opereta alifungua mlango wa mashine, akatoa rundo la sahani kama mtu anayetoa sufuria jikoni, akaweka jingine. Kwa hiyo anwani haikutosha. Anwani ilitaja mahali, haikutaja kilichowekwa mahali hapo. Ndiyo maana kila rundo liliandikwa lebo mwanzoni kabisa mwa sahani zake, jina la herufi zisizozidi 6, na mfumo ulisoma lebo hiyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Vijana ninaowafundisha hapa Lodwar, baadhi yao wakitokea Kakuma, hawalipendi jambo hili.

"Mwalimu, kitu kimoja kinahitaji majina mawili ya nini?" mmoja aliniuliza.

"Wewe una kitanda na una jina," nikamwambia. "Ukihama kitanda, jina linabaki kule?"

"Aa, sasa nimeshika."

Diski za kutolewa ziliisha zamani. Mwaka 1989 ikatoka diski aina ya 3390, na baadaye hata hiyo ikaacha kutengenezwa. Kumbe haikufa. Makabati ya kisasa ya kuhifadhia data, yenye chipu za kumbukumbu badala ya sahani, bado yanajifanya kuwa 3390 mbele ya meinifremu: yana silinda ambazo hazipo, na kila silinda ina traki 15 ambazo hazizunguki popote. Mfumo unaongea na diski ya 1989, kabati linaitikia. Ukiongeza diski leo, kwa kweli huongezi kitu cha kushikika. Unaongeza jina, anwani na ahadi. Na ndiyo maana matatizo yake mengi si ya chuma.

Mtu anayejua kazi huanza na njia. Je, kifaa kimeandikwa kwenye faili la usanidi linaloueleza mfumo vifaa vyote vilivyounganishwa nao? Na faili hilo limewashwa, au limeandikwa tu likaachwa? Kebo za nyuzi za kioo zimepita kwenye swichi, na swichi imeruhusu pande hizi mbili zionane? Kabati lenyewe limeambiwa kwamba kompyuta hii ni ya kuhudumiwa? Kosa likiwa sehemu yoyote kati ya hizo, konsoli itajibu kwa ufupi: hakuna njia. Haisemi diski ni mbovu. Wakubwa wengi, wakisikia hivyo, hupiga simu kwa muuzaji kudai diski nyingine. Diski nyingine ikija, nayo haionekani, kwa sababu ile ile.

Nikieleza haya huwa nawatajia wanafunzi wangu Kalokol, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Eliye Springs. Mapema miaka ya 1980 ulikamilika pale mtambo wa kugandisha samaki, uliogharamiwa na Norway kupitia shirika lake la misaada, NORAD. Mpango wake ulianza 1971. Ghala la baridi lilikuwa la kisasa, na samaki walikuwepo, hasa ngege wa Ghuba ya Ferguson. Mtambo ulifanya kazi siku chache tu, ukazimwa. Gharama ya kuzalisha baridi kwenye joto hili, na mahitaji ya maji safi jangwani, vilizidi thamani ya samaki wenyewe. Miaka michache baadaye maji ya ghuba nayo yakakauka.

Lawama ikatafutiwa mtu. Ikasemwa sana, na bado inasemwa, kwamba Waturkana ni wafugaji, ati samaki si mambo yao. Hii ndiyo ile tabia ya kulaumu diski. Wapo Waturkana waliovua samaki na kuwakausha juani kabla ya mtambo ule, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Samaki mkavu hahitaji umeme, anapanda gari lolote, anafika sokoni bila kuoza. Njia ya samaki ilikuwepo tayari. Ghala likajengwa nje ya njia hiyo, kwa kutegemea njia nyingine ya umeme na maji ambayo haikuwa imefika. Chuma kilikuwa kizima. Mfumo ndio haukukiona.

Tanzania nao waliwahi kuonja shida ya mashine kubwa, wakachagua dawa kali. Kompyuta ya kwanza nchini humo, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya serikali kuchoshwa na matatizo ya kuendesha hesabu zake kwa mashine, mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Ukifikiria gharama ya fedha za kigeni wakati ule, uamuzi unaeleweka. Lakini marufuku haikumfundisha mtu yeyote kutafuta kosa. Fundi akiambiwa diski haionekani, akang'oa kompyuta nzima, hakika malalamiko yatakwisha, na hakuna atakayejua kosa lilikuwa wapi.

Tuseme njia ipo. Mfumo sasa unaiona diski, umeiwasha, lakini programu ya mishahara bado inalia kwamba nafasi imekwisha. Hili huwachanganya watu kuliko la kwanza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 meinifremu hugawa nafasi kwa makundi ya hifadhi: diski isipotiwa kwenye kundi, au ikitiwa lakini kundi likawa limezuiwa kupokea data mpya, inakaa tu, tupu na nzima. Na hata ikipokea, nafasi inaweza kuliwa na namna ya kuandika. Traki moja ya 3390 hubeba baiti 56,664 ukiandika kipande kimoja kikubwa. Lakini ukiandika kumbukumbu za baiti 80 moja moja, bila kuzifunga pamoja, zinaenea 78 tu. Piga hesabu: ni baiti 6,240, yaani asilimia 11 ya traki. Zilizobaki zimekwenda kwenye mianya ya kutenganisha kipande na kipande. Mwenye mali anahesabu alichonunua, opereta anahesabu kinachotumika.

Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Turkana kuna maji mengi ajabu, mita za ujazo bilioni 250 kwa makadirio, sehemu kubwa ikiwa chini ya nyanda za Lotikipi kaskazini-magharibi. Yaligunduliwa kwa picha za setilaiti na rada, kisha visima vya majaribio. Magazeti ya dunia yaliandika kana kwamba kiu imekwisha. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Hakuna aliyedanganya kuhusu ujazo. Ujazo ulikuwepo, ila haukuwa kwenye kundi la vitu vinavyonyweka. Ukitaka kuona tofauti kwa macho, nenda Eliye Springs. Ziwa lenye magadi limetanda hadi upeo wa macho, na kando yake, chini ya mikoma, chemchemi ndogo inatoa maji matamu. Wachungaji hawajawahi kuhitaji mtu wa kuwaambia ni yapi ya kuhesabu.

Kosa la lebo nimelibakiza mwisho makusudi. Diski mpya mara nyingi huja ikiwa nakala ya nyingine, au hupewa jina bila kuangalia orodha. Basi siku ya kuwasha mfumo, mashine inakuta diski mbili zenye lebo moja. Mfumo hauchagui. Unasimama, unaandika kwenye konsoli anwani zote mbili, na kumuuliza opereta: niondoe ipi? Hauendelei mpaka binadamu ajibu. Waliobuni utaratibu huo walijua kwamba mashine haina namna ya kujua ipi ni ya kweli, na kwamba ikikisia vibaya, mishahara ya leo inaweza kuandikwa juu ya kumbukumbu za mwaka jana.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, Dadaab, upande wa Garissa, ikiwa imetangulia kidogo. Miaka ya ukame, wananchi wa Kenya waliokaa karibu na kambi, hasa Garissa, walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu na shule. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi. Alama za vidole zikachukuliwa, zikahifadhiwa. Kufikia 2013 hata mgao wa chakula kambini ulikuwa unahakikiwa kwa vidole. Mtoto yule akifika miaka 18 anakwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Anaweka kidole. Mfumo unamwambia karani: huyu ni mkimbizi. Ombi linakwama. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, hupigi kura. Maelfu ya vijana walikwama hivyo kwa miaka mingi, Wakenya kwa kuzaliwa, na suala hilo likafikishwa hadi Mahakama Kuu ya Garissa.

Kwa jicho la opereta, hii ni lebo iliyojirudia na si zaidi. Mtu mmoja yumo kwenye orodha mbili. Hifadhi haijaharibika, vidole vimesomwa sawasawa, njia ipo. Tofauti ni kwamba hapa mfumo haukusimama kuuliza. Uliondoa uraia, ukabakiza ukimbizi, na karani akaichukulia kimya ya mashine kuwa ushahidi. Diski yenye orodha ya mishahara ilipewa heshima ya kuulizwa. Binti wa Garissa hakupewa.

Siwafundishi vijana hawa meinifremu kwa sababu watazikuta Lodwar. Hawatazikuta. Nawafundisha kwa sababu kadi za misaada, daftari za hospitali za kaunti na orodha za wapiga kura zote zinakaa kwenye hifadhi ya mtu fulani mahali fulani, na baadhi yao ndio watakaokaa kwenye zile konsoli. Utaratibu nilioupokea Nairobi ndio ninaowapa: angalia njia kabla ya kulaumu kifaa; angalia kinachotumika, usihesabu kilichonunuliwa; na mkikuta lebo mbili zinafanana, simameni mwulize anayejua. Wiki iliyopita yule kijana wa kitanda aliniuliza, ikiwa mwenye jina yuko nje dirishani amesimama juani, mbona asiulizwe yeye mwenyewe. Nikamwambia aliandike hilo kwenye daftari lake, kama hatua ya kwanza.