Mawasiliano ya shule za umma: Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Mawasiliano ya shule za umma ni jumla ya kazi zinazofanywa ili habari za shule ziwafikie wanaohusika nazo: video, mabango, vipeperushi, mbao za matangazo, vipindi vya redio, kurasa za mitandaoni, barua kwa wazazi, hata maandishi ya ukutani. Nchini Marekani kazi hizi zina wenyewe. Wilaya ya shule kule ni mamlaka yenye bodi yake, kwa kawaida ya kuchaguliwa, na mara nyingi yenye kodi yake; huajiri watu wa mawasiliano au hukodi kampuni, na chama cha wataalamu wa fani hiyo kipo tangu 1935. Tanzania haina mamlaka ya namna hiyo. Shule ya serikali iko chini ya halmashauri, halmashauri iko chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI, sera iko Wizara ya Elimu, mitaala iko Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani iko NECTA, na mwalimu ana Tume yake ya Utumishi. Wenye kauli juu ya shule moja ni wengi, na mzazi wa Nyarugusu au Mwakitolyo hana hakika aanze kwa nani. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako fedha za migodi zimeongeza majengo na sherehe za kuyakabidhi, mkanganyiko huo umezaa huduma inayomtazama anayeilipia. Mzazi, ambaye uamuzi wake ndio unaomleta mtoto darasani au kumwacha machimboni, huifuata kwa mbali.

Mtendaji wa kazi hii ni Afisa Habari wa halmashauri. Mkoa wa Shinyanga una halmashauri sita: Manispaa ya Shinyanga, Manispaa ya Kahama, Shinyanga, Kishapu, Msalala na Ushetu. Katika kila moja, kitengo cha mawasiliano hutumikia sekta zote, kuanzia chanjo na pembejeo hadi mapato ya ndani na ziara za viongozi. Idara za elimu, msingi na sekondari, ndizo zenye watumishi na majengo mengi kuliko nyingine, lakini hazina mtu wao wa habari. Mwaka 2017 mikoa yote 26 ya Tanzania Bara na halmashauri 185 zilipata tovuti za mfumo mmoja, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo tovuti ya halmashauri husomwa zaidi na mwandishi wa habari, mzabuni na mtafuta ajira kuliko mzazi mwenye watoto watatu darasa la pili. Kazi iliyobaki hufanywa na soko: steshenari zinazochapa mabango na fulana, mafundi wa maandishi wanaochora ramani ya Afrika na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwenye kuta za madarasa, na vijana wenye kamera wanaokodiwa kwa siku ya mahafali.

Bidhaa ya video inayotengenezwa sana ni ya makabidhiano, na mpangilio wake haubadiliki. Huanza na kibao chenye nembo ya mfadhili, ikaja ngoma ya wanafunzi, utepe, kisha mwalimu mkuu akisoma risala, na mwisho mwanafunzi mmoja akishukuru kwa niaba ya wenzake. Risala ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayokatwa kwanza wakati wa kuhariri. Humo mna idadi ya wanafunzi, upungufu wa madawati, matundu ya vyoo yaliyopo na yanayohitajika, nyumba za walimu na hali ya ufaulu. Husomwa mara moja kwa kipaza sauti, hukabidhiwa kwa mgeni rasmi, naye huondoka nayo. Taarifa kamili kuliko zote ambazo shule huandika juu yake yenyewe imeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na mtoto pale.

Watetezi wa video hizi wana hoja, na si nyepesi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii, akubaliane juu yake na mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa Geita Gold Mining, makubaliano na halmashauri za wilaya na mji wa Geita yaliyotangazwa yalikuwa ya shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka. Kabla ya hapo mgodi huo ulikuwa umejenga Sekondari ya Wasichana Nyankumbu. Fedha za kiasi hicho zikitumika bila kuonyeshwa, wananchi watauliza zimekwenda wapi, na watakuwa na haki ya kuuliza. Picha ya darasa lililokamilika ni ushahidi. Lakini ni ushahidi wa nini hasa? Wa kwamba jengo lipo. Gharama yake, nani aliamua lijengwe shule hii badala ya ile, na mangapi yamebaki kwenye mpango, havionekani kwenye utepe. Kifungu cha 105 cha sheria hiyohiyo kinaipa halmashauri, si mgodi, jukumu la kuwaelimisha wananchi juu ya miradi iliyo katika maeneo yao. Halmashauri inapoiachia kampuni kamera na kibao, inatoa kazi ambayo sheria imeiweka mikononi mwake. Mgodi kwa upande wake haufanyi kosa lolote kujitangaza. Kila kampuni hujitangaza.

Kanda hii iliwahi kuona namna nyingine ya kufanya kazi hii, tena kwa vifaa vichache kuliko vya leo. Kuanzia 1968 UNESCO na serikali ziliendesha katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, mradi wa kisomo cha watu wazima kinachofungamana na kazi. Masomo yalijengwa juu ya shughuli zilizomlisha msomaji: pamba, ng'ombe, uvuvi, migomba. Katikati ya miaka ya 1970 likafuata gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililotoka Mwanza na kuandikwa kwa ajili ya watu waliotoka tu kujifunza kusoma. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya nchini kote takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu mkononi. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika mpangilio wake: matangazo yalifuatwa na mazungumzo, na mazungumzo yalifuatwa na kazi, kama kuchimba vyoo. Ni kweli ilikuwa enzi ya chama kimoja na redio moja, na watu wengine walihudhuria kwa kuogopa. Hilo halifuti somo la kiufundi, kwamba ujumbe ulitengenezwa ukianza na msikilizaji na jambo alilotakiwa kulifanya wiki ile.

Gharama ya kukosa mpangilio huo ilionekana mwaka 2016. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi, na tangazo lilisambaa kwa kasi ambayo hakuna bango lingeifikia. Ufafanuzi ulichelewa. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi, lakini wengi walikuwa wameshasikia kwamba serikali imebeba yote, na shule zikaona michango ya uji na ya walinzi ikikauka. Mwezi Mei 2016 ulitolewa Waraka Namba 3 kueleza nani anawajibika kwa nini. Waraka lakini huandikwa kwa lugha ya ofisi na hushuka kwa ngazi, kutoka wizarani hadi halmashauri, kata, shule, halafu ubaoni ukibahatika. Hali kama hiyo inaweza kuukuta Waraka Namba 2 wa 2021, unaoruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni. Katika Shinyanga, ambako utafiti wa afya wa 2010 ulionyesha takriban asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya miaka 18, waraka huo ungestahili kutangazwa kuliko darasa lolote jipya. Mama wa binti husika akiukosa ujumbe huo, mlango uliofunguliwa Dodoma unabaki umefungwa Ushetu.

Wapo wanaosema tatizo hili limekwisha kwa simu, kwa kuwa kila shule sasa ina kundi la wazazi la WhatsApp. Mjini Kahama na katikati ya Geita hoja hiyo ina ukweli mwingi. Inadhoofika kadiri mtu anavyoelekea machimboni. Sensa zinaonyesha mkoa wa Geita ulikuwa na watu milioni 1.74 mwaka 2012 na karibu milioni 3 mwaka 2022. Ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Familia ya mchimbaji mdogo hufuata taarifa za mwamba mpya, na mtoto aliyeandikishwa Januari anaweza kuwa wilaya nyingine ifikapo Juni. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 iliyochunguza Chunya, Geita na Kahama ilieleza jinsi watoto wanavyoacha masomo kwa kazi za mashimoni na za kusafisha dhahabu kwa zebaki. Kundi la WhatsApp humkusanya mzazi ambaye shule tayari inamjua, mwenye simu janja na bando. Aliyehamia wiki iliyopita, bibi anayelea wajukuu, na baba anayetumia simu ya kitochi hawamo, nao ndio ambao watoto wao hutoweka kwenye rejista.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, mgawo uliopangwa kufika shuleni moja kwa moja ni shilingi 6,000. Kinachobaki ni cha vitabu. Shule yenye wanafunzi 1,000 kwa hiyo ina shilingi 500,000 kwa mwezi za kununua chaki na karatasi, kuchapa mitihani, kukarabati na kuendesha ofisi. Kumwambia mwalimu mkuu wa shule hiyo alipie mawasiliano ni dhihaka. Hoja hii ingefunga mjadala kama mawasiliano yenye manufaa yangekuwa ndiyo yenye gharama. Ilivyo ni kinyume. Kinachokula fedha ni kamera ya kuruka, mapambo, mahema na bango la rangi. Kinachomfikia mzazi ni nakala ya risala ikibandikwa ubaoni siku ileile, tangazo la bodaboda mwenye kipaza sauti siku ya mnada, na dakika chache kwenye Radio Faraja ya Shinyanga, Huheso FM ya Kahama au Storm FM ya Geita. Mpango wa EQUIP-T, ulioendeshwa kwa fedha za Uingereza kuanzia 2014 na kuufikia mkoa wa Shinyanga, ulielekea huko: uliunda ushirikiano wa wazazi na walimu shuleni, ukawapa walimu wakuu vishikwambi vya kukusanya takwimu za shule, ukawapa Maafisa Elimu Kata pikipiki. Udhaifu wa miradi ya aina hii unajulikana. Mfadhili akiondoka, kifaa kikiharibika hakina wa kukitengeneza.

Yapo mambo mawili ya kisheria ambayo watengenezaji wa video na picha za shule hawajayazingatia vya kutosha. La kwanza ni faragha ya mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa sura na jina la mwanafunzi kama zinavyoguswa taarifa za mtu mwingine yeyote, na NECTA yenyewe iliacha mwaka 2023 kutangaza wanafunzi na shule zilizoongoza. Video inayomwonyesha mtoto akieleza umaskini wa kwao ili mfadhili aguswe ingepaswa kuwa na idhini ya mzazi anayejua itaonyeshwa wapi. Idhini ya mwalimu peke yake haitoshi. La pili ni uhuru wa kusema yasiyopendeza. Mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliipiga marufuku HakiElimu, asasi iliyojulikana kwa matangazo yake ya redio na televisheni kuhusu hali ya madarasa, kufanya tafiti za shule na kuzichapisha; ilichukua hadi 2007 mgogoro huo kumalizika. Tangu hapo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeweka msingi bora zaidi, ila mtumishi anayekumbuka yaliyopita hulazimika kuwa na moyo mgumu ili abandike ubaoni idadi ya matundu ya vyoo yanayokosekana.

Kuna pia lugha, na hapa redio ina mpaka wake. Kanuni za utangazaji Tanzania huvitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, tofauti na Kenya ambako redio za lugha za makabila ni nyingi. Mtangazaji wa Shinyanga hawezi kuendesha kipindi cha wazazi kwa Kisukuma, ingawa katika vitongoji vya Kishapu na Mbogwe wapo wasikilizaji, hasa wanawake wazee, ambao Kiswahili cha waraka huwapita. Sababu za kanuni hiyo zinaeleweka kwa nchi iliyojenga umoja wake kwa lugha moja, na makala hii haipendekezi ivunjwe. Maana yake kwa kazi hii ni kwamba ujumbe wa mwisho lazima usemwe na mtu aliyesimama mbele ya watu: mwenyekiti wa kitongoji, kamati ya shule, au Afisa Elimu Kata katika mkutano wa kijiji, ambako Kisukuma hakihitaji leseni. Afisa huyo hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi iliyoanza kutolewa 2016. Hana kamera wala bajeti ya matangazo, na taarifa zake hutiririka kwenda juu, wilayani. Halmashauri inayopanga mpango wake wa mwaka na mgodi inaweza kuanza kwa kumwekea mafuta ya pikipiki na nakala za risala kwenye orodha, juu ya mstari wa mahema.