Reale ya Sham na Mwaka Wake Mmoja

Unguja ya karne ya 19 ilizijua reale mbili kubwa. Ya Kispaniola, iliyopigwa Meksiko na makoloni mengine, ilichorwa nguzo mbili. Macho ya pwani yakaona mizinga, ikaitwa reale ya mzinga. Ya pili, reale ya Sham (ingawa Sham haikuipiga), ilibeba sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka aliofariki, 1780.

Msafara wa nchi za ziwa, upande wa Nkome ya leo, ulilipa kwa shanga na nguo. Mwenye kuugharimia Unguja aliandika deni kwa reale.

Herufi S.F. zilizo chini ya kifua cha malkia ni za mafundi wa Günzburg, mji uliotoka mikononi mwa Austria mwaka 1805. Vienna ikaendelea kuipiga kwa herufi zilezile na mwaka uleule. Je, ni ya kughushi? Fedha yake ilikuwa kamili: gramu 28, sehemu 833 katika 1,000. Mwizi hupunguza fedha, si tarehe. Huko Arabuni na Uhabeshi wanunuzi walihesabu hata lulu tisa za bizimu begani.

Mwaka 1882 Seyyid Barghash akatoa reale yenye jina lake, halali kuliko zote. Nayo ina mwaka mmoja tu, 1299 wa Hijria. Hakuna aliyejisumbua kuirudia.