Miche ya kiasili: Kazi ya kujitolea inayoanzia kitaluni

WAKENYA wengi hukumbuka miti siku ya kuipanda. Ni wachache wanaofikiria miezi iliyotangulia, mche ulipokuwa ukitunzwa kitaluni na watu wasiolipwa mshahara wa kazi hiyo.

Jitihada hizi zina historia nchini. Mnamo Juni 5, 1977, marehemu Prof Wangari Maathai na wenzake katika Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kati yake, miwili tu ndiyo iliyodumu. Hata hivyo, tukio hilo lilizaa shirika la Green Belt Movement. Kufikia 2004, Prof Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, zaidi ya miti milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Mwanzoni, maafisa wa misitu walitilia shaka uwezo wa wanawake wasio na stashahada. Nao wakategemea maarifa ya shambani: waliokota mbegu, wakazipanda hata katika vyungu vilivyovunjika, na kuchunguza zilivyoota. Walipewa kifuta jasho kwa kila mche uliosalia hai.

Sheria ya Misitu ya 2005 ilitambua vyama vya kijamii vya kuhifadhi misitu, na ile ya 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Wanachama wake wengi hutunza vitalu vya miche ya kurejesha misitu iliyoharibiwa.

Kwa nini miti ya kiasili? Mikaratusi na misonobari hukua haraka na kutoa mbao, lakini mikaratusi hufyonza maji mengi, hivyo haifai kandokando ya chemchemi. Muringa, mukinduri, mutamaiyu na muiri ni miti iliyozoeana na udongo, ndege na nyuki wa maeneo yake.

Kila mbegu ina masharti yake. Mbegu za muiri hufa upesi zikiwekwa ghalani, hivyo huondolewa nyama ya tunda na kupandwa zingali mbichi. Za mgunga zina ganda gumu. Humwagiwa maji moto na kuachwa humo usiku kucha. Kokwa la mutamaiyu huvunjwa kwa uangalifu ili mbegu iote mapema.

Inafaa mbegu zikusanywe kutoka kwa miti mingi, wala si mmoja, na iwe ya eneo lenye mvua na mwinuko sawa na mahali miche itakapopandwa. Majuma machache kabla ya mvua, kivuli na maji hupunguzwa hatua kwa hatua ili miche izoee jua.

Muiri hasa unahitaji juhudi hizi. Gamba lake hutumiwa kutengeneza dawa za matatizo ya tezi-kibofu, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti kwa kuhofia kwamba ungeangamizwa.

Serikali ilitangaza mwaka wa 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya upanzi. Lakini hesabu ya miche iliyotiwa ardhini haitoshi. Miti ile 7 ya Kamukunji ilitoa funzo mapema: kinachohesabika ni ile iliyobaki hai baada ya wageni kuondoka, na hiyo huhitaji mtu wa kuitilia maji.