Kutoka Weusi wa Sahani hadi Hesabu ya Elektroni: Upimaji wa Upeo wa Mwanga katika Picha za Anga

Insha hii inachunguza mabadiliko ya upimaji wa upeo wa mwanga, yaani uwiano kati ya mwanga mkali na hafifu kabisa ambao kamera hunasa katika picha moja.

Mwaka 1890, nchini Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha grafu inayohusisha mwanga na weusi wa sahani ya picha. Ilibainika kwamba weusi hauongezeki sawia na mwanga. Hivyo, kulinganisha nyota angavu na hafifu kulihitaji masahihisho.

Kihisi cha CCD, kilichobuniwa na Willard Boyle na George Smith huko Bell Labs mwaka 1969, hukusanya elektroni karibu sawia na mwanga. Baadaye James Janesick wa Jet Propulsion Laboratory aliendeleza mbinu ya kulinganisha wastani wa mwanga na mtawanyo wake. Kwa kuwa fotoni hufika bila mpangilio, mtawanyo huo hufichua ujazo wa pikseli na kelele ya usomaji, yaani hitilafu inayoingizwa na saketi.

Kwa mfano, pikseli yenye ujazo wa elektroni 50,000 na kelele ya elektroni 5 ina uwiano wa 10,000 kwa 1. Mng'ao wa anga ukiongeza elektroni 400, kelele hufikia takriban 20.6, na uwiano hushuka hadi takriban 2,400 kwa 1.

Kwa hiyo, tarakimu ya maabara huelezea kihisi pekee. Thamani yake kwa mwanaastronomia huamuliwa na giza la anga lenyewe.