Filamu Ilipigwa Astrida, Vita Vilipiganwa Shangi

Mwaka huu wa 2026 unatimiza miaka 130 tangu majeshi ya mwami wa Rwanda yalipokabili bunduki za Dola Huru ya Kongo huko Shangi, pwani ya Ziwa Kivu. Shangi leo ni sekta ya Wilaya ya Nyamasheke, lakini kabla ya mipaka kuchorwa upya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, nchi ambayo wazee wetu waliiita Kinyaga. Kumbukumbu hiyo imekuja miezi michache baada ya nyingine iliyopita bila kelele: Novemba 2025 ilitimia miaka 75 tangu King Solomon's Mines, filamu ya kampuni ya MGM ya Marekani, ianze kuonyeshwa. Sehemu zake za mwisho zilipigwa hapa Rwanda, na waliobeba mikuki na ngao ndani yake ni Wanyarwanda.

Mambo haya mawili yanapaswa kusimuliwa pamoja. Vijana wa mji wetu wa Kamembe wanawajua vizuri mashujaa wa Ulaya ya kale, wale waliovaa mavazi ya chuma na kupanda farasi. Wamewaona katika agasobanuye, filamu za kigeni zinazosimuliwa upya kwa sauti ya msobanuzi wa kwetu. Lakini kijana huyohuyo ukimuuliza nani aliongoza jeshi Shangi, atakutazama tu. Kosa si lake. Hakuna aliyemwonyesha.

Mashujaa hatukuwakosa. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu majeshi ya Rwanda ya kale, aliyataja majeshi hayo moja baada ya jingine, kwa majina, kwa viongozi na kwa enzi za wafalme walioyaunda. Kila jeshi lilikuwa na jina lake la fahari na makundi ya ng'ombe yaliyohesabiwa kuwa yake. Ibisumizi walikuwa wa Ruganzu Ndoli, mfalme ambaye simulizi zake hazina mwisho. Ingangurarugo walikuwa wa Kigeli Rwabugiri. Vijana waliingia itorero, shule ya malezi ya jeshi, wakajifunza kurusha mkuki, kulenga kwa upinde, kuruka juu, kucheza, na kujisifu kwa mashairi mbele ya mkuu wao. Palikuwepo pia umutabazi, mtu aliyekubali kwenda kufa katika nchi ya adui ili damu yake iifungulie Rwanda ushindi. Mwandishi wa tamthilia anayetafuta mhusika atapata wapi aliye mzito kuliko huyo?

Kuhusu Kinyaga yenyewe, bado tunamtegemea Catharine Newbury, mtafiti wa Marekani aliyewahoji wazee wa huku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1988. Anaeleza kwamba majina ya majeshi mawili, Impara na Abiiru, yaligeuka kuwa majina ya sehemu za nchi. Watu wa Kinyaga waliingizwa katika majeshi hayo kwa koo zao, wakulima na wafugaji kwa pamoja. Pembeni zilibaki falme ndogo za Bukunzi na Busozo, zilizoheshimika kwa uwezo wa wafalme wake wa kuleta mvua. Hizo zilidumu hadi Wabelgiji walipozivamia katika miaka ya 1920.

Rwabugiri aliigeuza pwani hii kuwa kambi. Alijenga makazi Nyamasheke, na kutoka kandokando ya Kivu majeshi yake yalivuka kwa mitumbwi kwenda kupigana kisiwani Ijwi na katika ufalme wa Bushi. Alifariki mwaka 1895 katika safari ya vita dhidi ya Bushi, na kiti kikabaki kwa mwanawe, Mibambwe Rutarindwa.

Mwaka uliofuata, 1896, ofisa Mbelgiji, Luteni Sandrart, alifika Shangi na askari wa Dola Huru ya Kongo, wakapiga kambi. Ikulu ikatuma jeshi. Aliyeliongoza alikuwa Bisangwa bya Rugombituli, mkuu wa Ingangurarugo, shujaa aliyezeeka katika vita vya Rwabugiri. Hawa walikuwa watu waliozoea kushinda. Walikuja na mikuki, pinde na ngao, wakaishambulia kambi iliyolindwa kwa bunduki. Walishindwa, na ushindi ule uliozoeleka kwa miaka mingi ulikatika katika vilima vya ziwa hili. Wabelgiji nao hawakukaa. Mwaka 1897 uasi wa askari wao wenyewe huko Kongo uliwalazimisha kuondoka, na mwaka 1898 Wajerumani wakaweka kituo chao palepale Shangi.

Risasi za Shangi zilisikika hadi ikulu. Rutarindwa alikuwa ametawazwa na baba yake akiwa hai, mwaka 1889, na kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufariki, Rwabugiri alimpa mkewe mwingine, Kanjogera, kuwa mama mfalme. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga, na kaka mwenye akili kali, Kabare. Ni nani asiyeona ugomvi ulikuwa unapikwa? Mfalme mpya aliyeshindwa na wageni alikuwa mfalme dhaifu. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1896, huko Rucunshu, karibu na Muhanga ya leo, pande mbili zikashikana. Simulizi zinasema kwamba vita vilipomwelemea, Rutarindwa alijifungia nyumbani pamoja na mkewe na watoto, na nyumba ikateketea na Kalinga ndani yake, ile ngoma ya ufalme. Watu walipohuzunikia ngoma, Kabare aliwaambia kwamba cha muhimu ni kumpata mfalme, maana ngoma huchongwa nyingine. Mtoto Musinga akainuliwa mbele ya majeshi na kutangazwa Yuhi wa Tano.

Miezi michache baadaye, Machi 1897, Kapteni Ramsay wa Ujerumani alifika kumwona mfalme huyo. Ikulu haikumwonyesha mtoto. Ilimweka mbele yake mtu mzima aliyeitwa Mpamarugamba, akakaa kama mwami, akapokea zawadi na barua ya ulinzi wa Kijerumani. Mgeni akaondoka akiamini amekutana na mtawala wa Rwanda. Wanyarwanda walijua kuigiza mbele ya Wazungu miaka zaidi ya hamsini kabla ya kamera za MGM kufika.

Kamera hizo zilifika Afrika Mashariki mwishoni mwa 1949, zikabaki hadi mwanzoni mwa 1950. Hazikuwa za kwanza kwetu. Mwaka 1907 Mjerumani Adolf Friedrich, Duke wa Mecklenburg, alipiga picha za vijana wakiruka urukiramende mbele ya Musinga, na mwaka 1938 Mbelgiji Armand Denis alitoa Dark Rapture, filamu iliyoonyesha warukaji na wachezaji wa intore, ngoma ya mashujaa. Lakini MGM ilikuja na fedha nyingi na waigizaji wenye majina makubwa, Stewart Granger na Deborah Kerr. Inasimuliwa kuwa Errol Flynn alipewa nafasi ya kwanza akaikataa kwa kutopenda kulala hemani, akaenda India kuigiza filamu nyingine. Msafara ulipita Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, na kwa sehemu ya mwisho ukaingia Rwanda, hadi Astrida, mji tunaouita Huye leo.

Safari yenyewe iligeuka kuwa ugomvi. Mwongozaji aliyeanza kazi alikuwa Mwingereza Compton Bennett. Yeye na Granger hawakupatana, na Granger hakulificha jambo hilo. Kazi ikachukuliwa na Andrew Marton, mzaliwa wa Hungaria aliyezoea mapori na milima. Majina yote mawili yanaonekana katika filamu, lakini mkono unaoonekana zaidi nje ya studio ni wa Marton, pamoja na jicho la mpigapicha Robert Surtees. Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa picha zile, na wahariri Ralph Winters na Conrad Nervig wakapata nyingine. Filamu ilishindania hata Oscar ya filamu bora ya mwaka. Iligharimu zaidi ya dola milioni 2 na kuingiza zaidi ya milioni 9.

Na hadithi ilihusu nini? Kijana mrefu, mnyamavu, anayefuatana na Wazungu safari nzima, anafichua mwishoni kwamba yeye ndiye mfalme halali wa nchi ya mbali. Baba yake alipinduliwa, na kiti kimekaliwa na mnyang'anyi. Anapigana na mnyang'anyi huyo mbele ya majeshi, anashinda, anarudishiwa nchi. Hadithi hiyo iliandikwa na H. Rider Haggard mwaka 1885, na Afrika aliyoijua yeye ilikuwa ya kusini, Natal na Transvaal. Hakuwahi kuiona Rwanda.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Walivuka bahari kwa mizigo na mamilioni wakitafuta nchi ya Kiafrika yenye kiti kilichonyang'anywa, mama mfalme, mjomba mjanja na majeshi yenye majina. Waliipata. Kulikuwa bado na watu hai walioikumbuka Rucunshu. Mutara Rudahigwa, aliyetawala wakati wa filamu hiyo, alikuwa mtoto wa yule Musinga aliyeinuliwa mbele ya majeshi mwaka 1896. Hadithi ya kweli ilikuwa chini ya miguu yao, na wao waliikanyaga wakapiga ya Haggard.

Orodha ya waigizaji inaonyesha tulivyotazamwa. Umbopa, mfalme anayerudi, aliigizwa na Siriaque. Mnyang'anyi aliigizwa na Baziga. Gagool, mshauri wa mnyang'anyi huyo, aliigizwa na Sekaryongo. Jina moja kwa kila mtu, kisha maelezo kwamba ni wa "kabila la Watusi", yaani Watutsi. Kimursi kutoka Kenya aliandikwa vivyo hivyo, wa Wakipsigis. Granger na Kerr hawakutajiwa kabila. Nikiitazama filamu leo, ninachokiona kwa fahari ni miguu ya intore ikipiga ardhi kwa pamoja, na Siriaque akisimama kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Kinachoniuma ni kwamba ustadi wote huo ulipewa nchi isiyokuwepo na wafalme wasiokuwepo.

Madhara hayakuishia hapo. Filamu, kadi za posta na magazeti ya kikoloni vilijenga taswira ya Watutsi kama jamii ngeni ya majitu, tofauti na jirani zao. Simulizi za majeshi zinaikana taswira hiyo, maana Wanyarwanda wa kila aina walihesabiwa ndani ya jeshi fulani. Lakini picha ilitembea haraka kuliko vitabu. Mwaka 1959 MGM ilichukua vipande vilivyobaki vya picha za 1950 na kutengeneza filamu nyingine, ikaiita Watusi. Mwaka huohuo, Julai, Mutara Rudahigwa alifariki Usumbura, Bujumbura ya leo, na Novemba nyumba za Watutsi zilichomwa katika vilima vingi vya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walicheza dansi waliyoiita Watusi, wakati wakimbizi wa Rwanda walikuwa wanavuka kwenda Kivu ya Kongo, Burundi, Uganda na Tanganyika. Waliokuwa wakiburudishwa na jina hilo hawakujua waliobeba jina hilo walikuwa wapi.

Baada ya hapo kamera zilirudi kwa mambo mengine. Gorillas in the Mist ilitoka mwaka 1988. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ilikuwa haki na lazima sinema yetu ianze na kilio hicho, na 100 Days ya mwaka 2001, iliyotayarishwa na Eric Kabera na Nick Hughes, ilipigwa Kibuye, kwenye Ziwa Kivu hilihili. Desemba 2024 UNESCO iliandika intore katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini mchezo wa shujaa umetunzwa, na vita vya shujaa bado vinangoja wa kuvisimulia.

Wenzetu wameonyesha njia. Afrika Kusini iliwahi kuwa na Shaka Zulu ya mwaka 1986, Henry Cele akiwa Shaka, tamthilia iliyotengenezwa na televisheni ya utawala wa ubaguzi kwa jicho la Mzungu msafiri. Wazulu hawakuishia kulalamika. Mwaka 2023 ilitoka Shaka iLembe, kwa lugha yao, baada ya miaka ya kuandaa na kushauriana na wanaotunza historia. Uturuki nayo ilitumia miaka mitano, 2014 hadi 2019, kuonyesha Diriliş: Ertuğrul, tamthilia ya wapiganaji wa karne ya 13, na dunia nzima ikajifunza majina ya mababu zao. Nchini Tanzania, mtengenezaji filamu Seko Shamte aliingia Iringa kumsimulia Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyengoja Hollywood imkumbuke.

Sisi tuna zaidi ya tunavyodhani. Jumba la mfalme limejengwa upya Nyanza, na ng'ombe wa inyambo wapo. Makumbusho ya Huye yana mikuki, ngao na pinde. Ziwa lipo, na mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo ipo. Lugha ya majeshi ipo katika mashairi ya kujisifu ambayo wazee bado wanayajua kwa kichwa, na Kiswahili, kinachosikika kila siku kutoka Kamembe hadi Bukavu na ambacho kimekuwa lugha rasmi nchini tangu 2017, kitaifikisha kazi hiyo Goma, Bujumbura, Kigoma na Mombasa bila msobanuzi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, nayaomba wazi. Wilaya za Rusizi na Nyamasheke ziiadhimishe miaka 130 ya Shangi kwa alama ya jiwe na kwa somo la shule, ili mtoto wa darasa la sita amjue Bisangwa kabla ya kumjua shujaa wa filamu ya kigeni. Na watayarishaji wetu waanze kuandika tamthilia ya Shangi na Rucunshu sasa, wakiwa na wazee mezani, vipindi kadhaa, majina kamili ya watu, na kila mwigizaji aandikwe mwishoni kwa jina lake lote. Baziga, Siriaque na Sekaryongo walithibitisha miaka 75 iliyopita kwamba waigizaji tunao. Kilichokosekana ni sisi kuwapa hadithi yetu.