Madokezo ya Mtafiti na Akili Unde katika Uandishi wa Kitaaluma

Dokezo la utafiti ni andiko fupi ambalo mtafiti hujiandikia mwenyewe anaposoma kitabu, anapomsikiliza msailiwa au anapolinganisha miswada. Kazi yake si kuhifadhi habari tu, maana habari zimekwishahifadhiwa kitabuni. Kwa kuandika dokezo mtafiti hulazimika kuamua lipi katika aliyoyasoma linahusu swali lake, kulisema kwa maneno yake, na kulihusisha na mengine aliyonayo. Uamuzi huo ndio mwanzo wa hoja. Kwa hiyo swali la nafasi ya akili unde katika utafiti haliwezi kujibiwa bila kuuliza kwanza iwapo mashine inakuja baada ya uamuzi huo au inauchukua.

Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann (1927–1998), wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, aliacha vikaratasi vya madokezo vipatavyo 90,000. Kila kimoja kilikuwa na namba yake, na wazo lililochipuka kutoka kikaratasi 57/12 liliandikwa kwenye 57/12a na kuwekwa nyuma yake. Mkusanyiko ukakua kwa kufuata mawazo yenyewe badala ya kufungwa na orodha ya mada. Katika makala ya mwaka 1981 aliueleza kuwa ni mwenzake wa mazungumzo, kwa sababu ulimrudishia mahusiano ambayo alikuwa ameyasahau au hakuwahi kuyatarajia. Programu za leo zimerahisisha utaratibu huo: Obsidian huunganisha faili za maandishi kwa viungo, na Zotero, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, hutunza marejeleo. Hata hivyo, mazungumzo aliyoyasema Luhmann yaliwezekana kwa kuwa kila kikaratasi kilikuwa kimepita katika fikra zake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa thamani ya madokezo. Sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, imetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyafafanua, na W. E. Taylor, aliyefanya kazi naye. Tungo zilizotokana na uhasama wa Mombasa na Seyyid Said wa Oman haziwezi kueleweka kwa maneno yake pekee. Msomaji anahitaji kujua nani alikuwa akijibiwa, kwa tukio gani, na fumbo lilimlenga nani. Maarifa ya namna hiyo huishi katika maelezo ya mtu aliyeuliza na kuandika jibu, na palipokosekana mtu huyo yamepotea kabisa.

Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, hufanya kazi kwa njia nyingine. Hutunga sentensi kwa kukadiria kipande cha neno kinachoelekea kufuata, kutokana na wingi wa maandishi iliyofunzwa. Penye maandishi mengi makadirio huwa mazuri, na penye maandishi machache ufasaha hubaki uleule ilhali ukweli unapungua. Hapo ndipo marejeo ya kubuni yanapozaliwa: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaaminika, lakini makala haikuwahi kuandikwa. Juni 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, zilizotungwa na programu hiyo. Mtafiti wa Kiswahili yuko karibu zaidi na shimo hilo, kwa kuwa mengi anayoyategemea, yakiwamo matoleo ya zamani ya majarida kama Kiswahili na Mulika, tasnifu zilizo rafuni na kanda za mahojiano, yana nafasi ndogo katika maandishi ambayo mashine hizo zimefunzwa.

Zipo programu zinazojibu kutokana na nyaraka alizozipakia mtumiaji mwenyewe, kama NotebookLM ya Google. Hizi hupunguza uzushi, ingawa haziuondoi. Tatizo kubwa la muhtasari wa mashine, hata ukiwa sahihi, ni kwamba unatoa lile ambalo yeyote angeliona kuwa kiini cha makala. Utafiti mpya aghalabu hutoka kwenye tanbihi, kwenye mfano ambao mwandishi aliupita haraka, au kwenye takwimu isiyolingana na hitimisho. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari wa makala arobaini anajua zinasema nini, lakini hajakutana na hata jambo moja ambalo hakulitafuta.

Matumizi yenye faida ni yale yanayoanzia kwenye madokezo yaliyokwisha kuandikwa. Mtafiti anaweza kuiagiza programu itafute madokezo yanayopingana, ioneshe dai lisilo na chanzo, au ipendekeze mpangilio wa sura ambao ataukubali au kuukataa. Ili jambo hilo liwezekane, dokezo lenyewe liwe na mipaka iliyo wazi. Dokezo kuhusu ubeti wa Muyaka, kwa mfano, litaonesha kama ubeti umetoka katika toleo la William Hichens la mwaka 1940 au la Mohamed H. Abdulaziz la mwaka 1979, ukurasa gani, maneno ya chanzo yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Chini yake yatafuata maelezo ya mtafiti, kisha swali lake. Maneno yaliyotoka kwa mashine yatiwe alama yake na tarehe. Bila alama hiyo, baada ya miezi michache mwandishi hatajua sentensi ipi ni yake, na wizi wa kitaaluma utatokea bila kukusudiwa.

Utafutaji nao una mambo yake katika Kiswahili. Anayetafuta neno zima «andika» hatapata «waliandikiana» wala «hakuandikiwa». Akitafuta mzizi «andik» atavipata vyote viwili, lakini atakosa «mwandishi» na «uandishi», ambamo k imekuwa sh. Afadhali kuweka katika kila dokezo neno la mada lisilobadilika. Miswada ya hati za Kiarabu ni ngumu zaidi: mara nyingi tahajia yake haitofautishi e na i, o na u, wala b na mb, hivyo usomaji hutegemea kujua lahaja na vina. Usomaji wa mashine hapo uchukuliwe kuwa pendekezo, tena dhaifu.

Mahojiano ya uwandani ni suala jingine. Msailiwa aliyekubali kuongea na mtafiti hajakubali maneno yake yapelekwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinalinda taarifa binafsi, hivyo fomu ya ridhaa inapaswa kutaja matumizi hayo waziwazi. (Wajibu huu ni wa wasimamizi wa tasnifu kabla haujawa wa wanafunzi.)

Kuhusu uchapishaji, msimamo umekwisha kutulia. Mwaka 2023 majarida ya Nature na Science pamoja na kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, yalitangaza kwamba programu haiwezi kutajwa kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Tamko la matumizi linapaswa kutaja programu, toleo lake na kazi iliyofanya: kunyoosha ikisiri ya Kiingereza si sawa na kupanga hoja. Idara zinaweza kwenda mbali zaidi na kumtaka mtahiniwa afike kwenye utetezi wa tasnifu akiwa na madokezo yake, ili mtahini achague dai lolote na kulifuatilia hadi ukurasa au kanda lilikotoka.